Lushoto hadi Irente kwa siku moja na mama yangu: uzoefu wangu wa kutembezwa

Mama yangu amekulia kambi ya mkonge Mazinde, huko tambarare, upande wa Korogwe. Babu aliletwa kutoka Songea akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, na hakurudi tena kwao. Utoto wote mama aliitazama milima ya Usambara akiwa chini, wala hakuwahi kuipanda. Mwaka huu ametimiza miaka 62, magoti bado yanamtii, nikaona nisingoje zaidi. Mwezi wa tisa nikatafuta mtu wa kutupangia matembezi ya siku moja: si ya kukwea majabali, ila yasiwe ya kuzunguka mjini tu, na njiani tuone mambo ya kale.

Mpangaji nilimpata kwa simu kupitia mtu tunayefahamiana. Tulikubaliana shilingi 60,000 kwa watu wawili, nusu nikaituma kabla. Hapa nina malalamiko mawili. Aliahidi tungeanza saa moja asubuhi, lakini mtembezaji alifika saa mbili na nusu kwa sababu yeye mwenyewe aliambiwa saa mbili. Halafu hakuna aliyetueleza kwamba kule kwenye ukingo wa Irente, jabali tulilokuwa tunaliendea, kuna kiingilio cha kulipa papo hapo. Fedha yenyewe haikuwa nyingi, lakini jambo la kulipia linatakiwa lisemwe mapema. Saa moja na nusu ile tuliyopoteza ndiyo iliyomuumiza mama, kwani mpando wa mwisho tuliukuta jua limeshakuwa kali. Lushoto kuna baridi, ila jua la saa sita halina huruma hata huko.

Sasa nimseme kijana aliyetutembeza. Jambo la kwanza alilolifanya, baada ya shikamoo, ni kuinama na kutazama viatu vya mama. Akamwomba akaze kamba, akampa fimbo, akasema, "Mama, wewe ndiye utakayetangulia. Mimi na dada tutafuata mwendo wako." Siku nzima ikawa hivyo hivyo. Kila aliyewahi kutembea na mzazi nyuma ya kijana mwenye haraka ataelewa kwa nini jambo hili nalithamini sana.

Tulianzia mjini, kwenye majengo yaliyobaki tangu enzi za Wajerumani, walipouita mji huu Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Hapo hatukukaa sana. Tukashika njia ya Jegestal, kisha vijia vya mashambani kuelekea Yoghoi, katikati ya kabichi, karoti, maharage na migomba. Udongo ni mwekundu na wakati huo ulikuwa mkavu. Msimu wa masika singempitisha mama hapo, maana unateleza kama sabuni.

Kwenye mteremko mmoja kijana alisimama akatusimulia habari za matuta. Baada ya vita kuu ya pili, Waingereza waliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko, na wasiochimba walitozwa faini. Kazi kubwa iliwaangukia wanawake. Watu wakaona wanalimishwa bila faida na ardhi yao inaandaliwa kuchukuliwa, wakagoma, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mama aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Kisha tukapewa habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ungulu, akawagawia watu nyama, akaua simba, wakamfanya mfalme wao kule Vuga. Ndiyo maana wafalme wa Wasambaa huitwa Simba Mwene. Alisimulia taratibu, akisimama kila mama aliposimama kuvuta pumzi, hata mapumziko hayakuonekana kuwa mapumziko.

Irente tulifika kama saa sita na nusu. Jabali linakatika ghafla na chini yako, karibu mita 1,000, nyika inaanza na haina mwisho. Unaiona barabara ya Moshi, reli, na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama nywele zilizosukwa. Mama alikaa juu ya jiwe bila kusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole: "Kambi yetu ilikuwa usawa ule." Kwenye kiganja cha mkono ule ana kovu dogo la mwiba wa mkonge, alilolipata akiwa na miaka tisa alipokuwa akimpelekea babu uji shambani. Kovu lile nimeliona maisha yangu yote, lakini shamba lenyewe nililiona siku hiyo.

Kijana alipomsikia akamwambia kwamba Mazinde ilikuwa makao ya Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai. Kimweri alitawala kutoka Vuga, juu mlimani. Semboja akachagua kukaa chini, kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu, akapata bunduki, na baada ya baba yake kufariki, mnamo miaka ya 1860, ufalme ukasambaratika kwa vita. Mama aliishi pale miaka kumi na sita na hakuna aliyewahi kumwambia haya. Alijua tu habari za mkonge na mzungu wa kampuni. Alimfanya kijana arudie jina mara mbili, akalitamka mwenyewe: Semboja.

Chakula tulikula shamba la Irente wakati wa kurudi: mkate mweusi wa kwao, jibini, jamu na kachumbari. Ukitaka chakula hicho toa taarifa mapema. Kutoka hapo mama alipanda bodaboda hadi mjini, mimi na kijana tukamalizia kwa miguu. Jumla tulikuwa njiani saa sita hivi pamoja na mapumziko.

Kwa anayepanga: mkubaliane saa kwa maandishi, na mtembezaji mwenyewe awe na namba yako. Uliza kama bei ina kiingilio na chakula ndani yake. Beba maji lita moja na nusu kila mtu, kofia, na sweta ya jioni. Fika Lushoto siku moja kabla, kwa sababu ile barabara ya kona kutoka Mombo inachosha, na kupanda mlima siku hiyo hiyo ni kujitesa.

Mpangaji nampa mbili kati ya tano. Yule kijana nampa tano zote, na namba yake mama anayo. Jumapili iliyopita nilimkuta akiongea naye kwenye simu, akimuuliza kama njia ya Vuga ina mpando mkali.