Dawa za kifua kikuu: kituoni kila asubuhi, au nyumbani na msimamizi?

Mgonjwa wa kifua kikuu akiruhusiwa kutoka wodini, matibabu hayajaisha. Kwa kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne kwa pamoja, minne ya dawa mbili. Je, nani atamshuhudia akimeza?

Akienda kituo cha afya kila siku, muuguzi anamwona akimeza, na macho yakianza kuwa ya njano inajulikana mapema kwamba ini linaumia. Lakini nauli! Mtu aliyebaki mifupa, anayekaa chini mara tatu kabla ya kufika kituo cha daladala, utamwambiaje aje kila asubuhi?

Nyumbani, mgonjwa anachagua msimamizi wake: mke, dada, hata jirani. Tanzania inaruhusu njia hii. Nimemwona mama mmoja akiweka vidonge kwenye kisosi kabla ya chai, akisubiri mwanawe ameze, ndipo akatia tiki kwenye kadi. Aliambiwa mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya machungwa, kwa hiyo hakushtuka.

Hatari yake iko kwenye mwezi wa pili. Mgonjwa amenenepa, kikohozi kimekwisha, msimamizi anamhurumia, dawa zinaachwa. Hapo ndipo usugu, yaani vijidudu kutosikia dawa tena, unapoingia.

Mimi nachagua nyumbani, ila msimamizi afundishwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa, na watoto wa nyumba hiyo wapimwe. Anayeishi peke yake, au mlevi, heri kituoni, na asaidiwe nauli.