Corolla yangu imetoka petroli imeingia umeme: mota safi, kesi iko kwenye breki

Wakuu, nina miezi 7 sasa naendesha gari niliyoitoa injini ya petroli nikawekewa mota ya umeme, na kwa vile kila anayeiona ananiuliza "ile gereji vipi, na mimi nipeleke yangu?" acha niandike mara moja yaishe. Nawapa nyota 3 kwa 5. Jina siwataji, maana kuna vitu viwili vitatu bado wananidai na mimi nawadai, na kusema ukweli wamesharudia kazi kadhaa bila kunitoza.

Gari yenyewe ni Corolla ya miaka ya 90, injini ya 4A-FE ile ya sisi 1600, gia za mkono. Bodi haina kutu kabisa ila ringi za pistoni zilishakwisha, ilikuwa inakunywa oil kama inalipwa. Nilitaka niifanyie ovahoo tu, nikajiuliza mara mbili, nikaenda kwa hawa. Wakapata Nissan Leaf ya 2014, gari ya umeme tangu kiwandani, iliyogongwa mbele kona, wakachukua mota, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwenda kwenye mota na kuipimia nguvu), chaja na betri yote, maana vitu vinavyotoka gari moja vinaelewana, ukianza kuokoteza mota huku inveta kule utalala gereji.

Nianze na kilichonifurahisha. Mota wameifunga kwenye giaboksi yangu ileile ya zamani, katikati kuna sahani nene ya alumini waliyoikereza wenyewe, na hapo ndo mafundi wengi wanaharibu, kwasababu shafti ya mota na ya giaboksi zisipokaa mstari mmoja kabisa, beringi zinaanza kulia na sili inamwaga oil. Hawa walirudia ile sahani mara mbili, niliiona ya kwanza imetupwa kwenye chuma chakavu. Matokeo yake ukiwa 90 shika mkono wa gia, umetulia tu, enzi za injini ulikuwa unatetemeka mpaka vidole vinawasha. Klachi ipo lakini siigusi, naondokea gia ya tatu na haizimi, kuzima kunatokea wapi wakati mota haina silensa, yaani ule mzunguko wa chini wa injini gari ikiwa imesimama?

Kingine walichofanya kwa akili, walipunguza nguvu kwenye programu ya inveta. Mota ya Leaf hiyo inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 254 na inakupa yote ukigusa tu pedali, injini yangu ilikuwa kwenye 145 hivi tena mpaka uipandishe raundi. Giaboksi ya mwenyewe haikutengenezwa kwa kipigo hicho. Mimi nilikuwa nataka wafungulie yote, fundi akaniambia "boss nikufungulie, ila siku meno yanatoka humo ndani usinipigie." Nikanyamaza.

Sasa breki. Hii ndo sababu ya nyota kupungua na hapa nitaongea kidogo.

Kwenye gari ya petroli busta ya breki, ile inayolainisha pedali, inafanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini ikiwa inavuta pumzi. Ukitoa injini, mvuto haupo, pedali inakuwa ngumu kama umekanyaga tofali. Dawa yake inajulikana, unafunga pampu ndogo ya umeme ya kuvuta hewa, katanki kake, na swichi ya kuiwasha mvuto ukishuka. Hawa walinikabidhi gari pampu haijafika! Nimetoka nayo getini, kuna kamteremko, nakanyaga breki naona gari inaenda tu, nikasimama kwa miguu yote miwili na hendibreki juu, roho mkononi. Narudi namuuliza, ananijibu bila hata kuona haya, "utazoea, halafu mota yenyewe inasaidia kubreki ukiachia pedali." Breki hazizoeleki fundi. Na hilo la mota kusaidia ni kweli, inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, lakini betri ikiwa imejaa haina pa kuupeleka huo umeme, kwahiyo asubuhi umechaji usiku kucha, ndo ule muda gari nzito na mota haikusaidii. Niliiacha palepale siku tisa mpaka pampu ikaja. Walivyoifunga wakaibana moja kwa moja kwenye bati bila mpira, sasa gari haina kelele yoyote, uko kwenye taa nyekundu kimya, unagusa breki, krrrrrrr chini ya miguu. Abiria wote wanaangalia chini. Nilikata mwenyewe vipande vya mpira wa tairi nikaviweka kati ya pampu na bati, ikapungua.

Kwahiyo ukienda gereji yoyote ya kazi hii usiulize mota ina kilowati ngapi, kila mtu anajibu hilo. Uliza kila kitu kilichokuwa kinazungushwa na mkanda wa injini kitazungushwa na nini. Usukani wa pawa walinipa pampu ya umeme, iko poa. Altaneta imeenda, mahali pake kuna kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa kuchaji ile ndogo ya volti 12, nacho poa. Kompresa ya AC ilikuwa ya mkanda, wakaitoa wakaniachia mabomba yananing'inia, AC mpaka leo hakuna. Hita pia hakuna maana ilikuwa inatumia maji ya moto ya injini, mvua ikinyesha kioo kinaingia ukungu naendesha na kitambaa mkononi.

Betri. Kuna moduli (vifurushi vya seli) 48, nyingi ziko kwenye buti na zilizobaki zimekaa pale palipokuwa na tangi, matokeo yake nyuma gari ilikuwa imekaa chini kama imebeba saruji mpaka wakabadilisha springi. Ni ya kutumika, imebakiwa na kama asilimia 75 ya ile kWh (uniti za umeme) 24 ya mwanzo, yaani 18. Lita moja ya petroli ina karibu kWh 9, fanya hesabu, lile lizigo lote la nyuma limebeba nishati ya lita mbili za petroli! Ila lita mbili hizo zingekuwa za injini, robo tatu hivi zingeishia kuwa joto la redieta na ekzosti, mota inapoteza kidogo sana. Napata kilomita 100 mjini, barabara kuu nikishika 100 inashuka 75, na soketi ya kawaida ya ampia 10 inanichukua masaa 8. Kwa mizunguko yangu inatosha, kwa safari ndefu usidanganyike.

Wiki ya tatu ikanizimikia barabarani na geji inasema asilimia 30. Walivyofungua wakakuta jozi moja ya seli iko volti 3.0 na wenzake wote wako 3.7. Jozi za seli ziko 96 zimeungwa mnyororo mmoja, ile dhaifu ikiisha kompyuta ya betri inakata zote hata kama wenzake wameshiba. Hilo wangeligundua kabla ya kufunga kwa kupima moja moja, kazi ya siku moja na mita mkononi, hawakuipima. Walibadilisha moduli mbili bure ila nilikaa wiki tatu bila gari. Nikadai na kiskrini kinachoonyesha volti za kila seli, wakanifungia, sasa kila nikichaji nakiangalia kwanza. Yule mnyonge wa sasa ni namba 41.

Karatasi nazo usizisahau, kadi ya gari bado inasema petroli na bima wanataka ukaguzi mpya. Wafaransa tangu 2020 wana kanuni zao za kazi hii, gari lazima iwe na zaidi ya miaka mitano na iwekewe seti ya vifaa iliyopitishwa, huko hakuna cha kubahatisha. Kwako ulizia kabla injini haijashuka, mimi niliulizia baada.

Mwezi ujao narudi kwao, wameniahidi kompresa ya AC ya umeme kutoka Leaf nyingine. Safari hii nimewaambia silipi hata senti mpaka nikae ndani vioo vimefungwa nusu saa.