Uchambuzi: Mpira wa Kukamua kwa Maumivu ya Kisukusuku

Wapenzi watazamaji, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo ni hii mnayoiona mkononi mwangu: mpira mnene wenye umbo la fimbo fupi, wenye urefu wa takribani sentimita 30, unaokamulika kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Walioupatia umaarufu ni TheraBand, ambao huuza wa kwao kwa jina la FlexBar, ijapokuwa huu wangu umetengenezwa na wengine. Unauzwa kwa ajili ya maumivu ya upande wa nje wa kisukusuku, ugonjwa uliopewa jina la mchezo wa tenisi ilhali wengi wanaouugua hawajawahi kushika raketi. Huku kwetu ugonjwa huo utaukuta kwa fundi anayeshinda na bisibisi, kwa dobi, na kwa mama lishe anayesonga ugali wa sufuria kubwa kila siku. Nakiri kwamba nilipouona mara ya kwanza nilishangaa, maana dobi aliyeumizwa na kukamua anashauriwa akanunue kitu cha kukamua.

Jibu la mshangao huo liko kwenye kano, yaani ule uzi mgumu unaoshikiza msuli kwenye mfupa. Misuli inayoinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole imejishikiza kwenye kinundu cha mfupa kilicho upande wa nje wa kisukusuku, na kano hiyo inapobebeshwa mzigo mwingi kupita uwezo wake kwa miezi, nyuzi zake huchakaa na kupoteza mpangilio. Mara nyingi tatizo kubwa ni huko kuchakaa kuliko uvimbe, na ndiyo sababu dawa za kuchua hutuliza kwa saa chache bila kubadilisha jambo lenyewe. Kano hujengeka upya inapopewa mzigo uliopimwa, na namna mojawapo ya kuupima ni kuufanyisha msuli kazi wakati unarefuka, yaani wakati wa kushusha.

Sasa tazameni, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Tuseme mkono unaouma ni wa kulia. Naushika mpira kwa mkono huo, ukiwa umesimama wima, na kifundo nimekikunja kuelekea nyuma kama dereva wa bodaboda anapovuta mafuta. Mkono wa kushoto unashika ncha ya juu na kuukamua mpira, huku wa kulia ukitulia tu bila kukamua chochote. Kisha nanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, mkono wa kushoto unakaza palepale, na wa kulia unaachia taratibu mpaka mpira unyooke, nikihesabu moja hadi nne. Tiba yote iko katika kule kuachia. Anayekamua kwa mikono yote miwili kwa haraka, akaachia kwa ghafla, anarudia kazi ya dobi na atakuja kuulaumu mpira bure. Zoezi hurudiwa mara 15, kwa seti tatu, kila siku.

Sifa ya zoezi hili ilitokana na utafiti wa Timothy Tyler na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010. Washiriki wote walipewa fiziotherapia ya kawaida, lakini kundi lililotumia mpira lilipata nafuu kubwa zaidi kuliko lililofanya mazoezi mengine ya kuimarisha misuli ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kisukusuku na kifundo. Hata hivyo, washiriki wote kwa jumla walikuwa 21, na kwa idadi hiyo mimi nauita mwanzo mzuri, si hukumu ya mwisho.

Jambo ambalo kijikaratasi cha ndani ya boksi langu hakikulitaja kabisa ni kwamba tiba yenyewe inauma. Msuli usiozoea kazi ya kushusha huuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, na mtu asiyejua hilo atautupa mpira kabatini siku ya tatu akiamini kwamba amejiumiza. Uchungu mpana, wa kuchoka, ulio kwenye nyama ya kigasha, kwa kawaida hupita wenyewe. Maumivu makali yanayochoma palepale kwenye kinundu, na ambayo asubuhi inayofuata bado yamezidi yalivyokuwa kabla, yanakuambia kwamba mzigo umekuwa mkubwa: punguza marudio au tumia mpira laini zaidi, badala ya kuacha kabisa. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, wataalamu wengi wa fiziotherapia huvumilia hadi tano wakati wa zoezi. Mimi husimama kwenye nne, pengine kwa woga tu. Ukandaji wa nguvu juu ya kano nao huacha uchungu wa namna hiyo, kwa hiyo usiuchanganye na zoezi jipya siku moja, la sivyo hutajua kipi kimekuumiza.

Mkanda wa kubana kigasha, huu hapa, hufungwa sentimita mbili au tatu chini ya kinundu, si juu yake. Unasaidia ukiwa kazini, na unavuliwa usiku. Kuhusu sindano ya kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, utafiti wa Australia wa mwaka 2006 uliohusisha watu 198 ulionyesha kwamba waliochomwa walikuwa bora katika wiki ya sita, lakini baada ya mwaka mzima walikuwa nyuma hata ya wale walioachwa wasubiri tu.

Nikirudi kwenye mpira wangu, unanuka kwa wiki nzima na huteleza kiganja kikilowa jasho. Pia rangi zinachanganya: kwa TheraBand nyekundu ni laini kuliko kijani, na kijani kuliko bluu, lakini huu wangu wa kijani ni mgumu kama mpini wa jembe. Ujaribu mkononi kabla ya kulipa.

Ikiwa vidole vinakufa ganzi, au kisukusuku kimevimba, kina joto au hakinyooki baada ya kuanguka, nenda hospitali kwanza. Wengine mnaweza kuanza na chupa ya maji ya nusu lita: laza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini na kining'inie ukingoni, inua kwa msaada wa mkono usiouma, kisha shusha polepole kwa ule unaouma. Chupa ikishakuwa nyepesi mno kwako, hapo ndipo ningekushauri utoe pesa ununue mpira, na uanze na ule laini.