Miche ya mbuni kwa bustani ya kivulini

Mwaka juzi nilinunua miche 6 ya mbuni, yaani mti wa kahawa, aina ya robusta katika kitalu kimoja kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe. Sikuitafuta kwa ajili ya kuvuna bali kwa ajili ya maua, kwa kuwa nyuma ya nyumba yetu, chini ya mfenesi, pana sehemu yenye unyevu na kivuli ambapo mawaridi yalikuwa yamenishinda kabisa. Robusta ni mwenyeji wa nchi hii. Katika msitu wa Kibale huota yenyewe chini ya miti mikubwa, na ndiyo maana niliiamini kuliko mapambo yaliyoletwa kutoka mbali.

Kila mche uliuzwa shilingi 1,500, bei ya haki. Muuzaji alipasua mfuko mmoja bila kuombwa, nikaiona mizizi myeupe iliyonyooka, isiyojiviringisha kitakoni mwa mfuko. Alinieleza pia kwamba robusta haijichavushi, hivyo vipandikizi (vipande vya matawi vilivyooteshwa) vya mbuni mmoja vikipandwa peke yake huchanua lakini havizai, akanichanganyia vya mibuni mitatu tofauti. Ushauri huo sikuwahi kuupata kwa muuzaji mwingine.

Lakini miche 2 ilikatwa kwenye matawi ya pembeni badala ya machipukizi ya wima, na kipandikizi cha namna hiyo huendelea kutambaa upande maisha yake yote. Nimeifunga kwenye fito, haijasimama. Nilipolalamika nilibadilishiwa mmoja tu, jambo ambalo kwa kitalu chenye ujuzi kama kile halikupaswa kutokea.

Mwaka huu, baada ya ukame mfupi, mvua ya kwanza ilinyesha, na wiki moja hivi baadaye matawi yalifunikwa. Maua meupe yalijipanga kwa vishada kila penye kifundo, na alfajiri harufu yake, inayokaribia ya asumini, iliingia hadi chumbani. Siku ya tatu yalikuwa yamekwisha kunyauka na kugeuka hudhurungi, nami nikatamani yangedumu zaidi. Mbuni ulio karibu kabisa na shina la mfenesi ulitoa maua machache mno. Ile inayopata jua lililochujwa na majani ndiyo iliyopendeza, mradi maji yasituame miguuni pake.

Nitarudi kununua miche 4 kabla ya mvua za Machi, na safari hii nitachagua mwenyewe yenye shina lililosimama.