Keteringi ya Kisutu inayolisha ofisi ya dini zote: nyota nne, ya tano imeliwa na mafuta ya samaki

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. Sahani ni sh 6,000, ukitaka na juisi na tunda inakuwa 7,500, na wanaleta mpaka mlangoni ukiwa Posta, Kisutu au Upanga, nyie wa Mbezi sahauni. Jina sitaji kwa sababu huko chini nitawasema kidogo na bi mkubwa mwenye biashara tunaheshimiana, ila kama unafanya kazi mitaa ile ya mahekalu utakuwa ushawaona vijana wake na hotpoti.

Ladha iko poa, pilau lina bizari ya kutosha, mchuzi wa nazi mzito. Lakini sio ladha iliyonifanya niandike. Ofisi yetu kwa upande wa chakula imekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila keteringi inakuja kujifunzia kunyoa. Tuna Waislamu wa Sunni, tuna Maithnaasheri (Mashia), Wakatoliki, wa KKKT, Msabato mmoja mwenye msimamo, Wahindu wasiogusa nyama, mhasibu Mjaini (dini ya kale ya India inayokataza kuua kiumbe chochote), fundi mmoja Singasinga, na dada wa mapokezi ambaye ni Mbahai, yaani wa dini ya Kibahai. Waliotangulia walikuwa na jibu moja tu, "tutawawekea na veji", na hiyo veji ni wali na kabichi lililochemka kwenye supu ya ng'ombe.

Bi mkubwa alikuja mwenyewe, akaomba chai, akakaa. Hakuuliza nani dini gani. Alikuwa anamuuliza mtu mmoja mmoja, "Mwanangu, wewe unakataa mnyama, unakataa kisu, unakataa siku au unakataa saa?" Aisee nilikaa na lile swali wiki nzima maana nimesoma dini shuleni miaka yote hiyo na hamna mwalimu aliyewahi kunipangia hivyo.

Chukua kisu. Kwa Muislamu ng'ombe ni halali ila lazima achinjwe kooni, jina la Mwenyezi Mungu litajwe, damu itoke. Mkristo wa kawaida wa Dar hana shida na hiyo, nyama ya machinjio ya Vingunguti anakula tangu azaliwe, na Paulo alishawaambia Wakorintho kinachouzwa sokoni wale tu bila kuhojihoji. Lakini sio jambo la kulichukulia poa, mnakumbuka Februari 2013 Buseresere kule Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji akauawa. Kwa hiyo bi mkubwa akisema nyama yake yote inachinjwa kihalali na anaonyesha inakotoka, wengi tukajua yameisha. Hapo fundi wetu akanyoosha mkono. Yeye ni Singasinga aliyepokea amrit, maji yao matakatifu, yaani ameingia Khalsa kabisa, kundi la Masingasinga walioapa kushika miiko yote, na moja ya miiko yao ni nyama iliyochinjwa kwa taratibu za ibada kama hiyo ya Kiislamu. Umeona balaa? Kile kile kinachomhalalishia mwenzake nyama ndo kinamharamishia yeye, na wote wawili wanatii dini zao. Keteringi iliyopita ilikuwa inampa kuku "wa halali" kwa nia njema kabisa na jamaa anamrudisha, wao wanadhani anaringa. Bi mkubwa akamwambia "basi baba, wewe dengu na paniri", ile jibini ya Kihindi, yakaisha, na ukifikiria ndo hesabu ile ile ya langa, kile chakula cha bure cha gurdwara, hekalu lao, hakiwekwi nyama ili kila anayeingia akae chini ale na wenzake.

Mnyama nako kuna vituko. Msabato anafuata Walawi 11, kwa hiyo kitimoto hapana, na samaki awe na mapezi na magamba. Maithnaasheri nao kwa fikhi yao, yaani sheria zao za dini, samaki lazima awe na magamba. Basi siku za samaki hawa watu wa dini mbili tofauti wanachukua changu kutoka sufuria moja na wote wanampita kambale, wakati Sunni wetu, wengi ni wa madhehebu ya Shafii, anakula mpaka pweza na anashangaa wenzake wanakosa nini. Halafu wanakuja kuachana kwenye kamba, Ithnaasheri anaruhusiwa, Msabato hapana. Hii bi mkubwa aliijua bila kuambiwa, ameolewa mjini, amepikia misiba ya kila aina. Msabato pia chai ya majani na kahawa hagusi, analetewa mchaichai.

Mjaini ndo mtihani wa mwisho. Wahindu wetu ukitoa nyama, samaki na mayai umemaliza kazi (na sio kila Mhindu ni veji jamani, wapo wanaokula kuku, ng'ombe ndo hapana). Mjaini anakwenda mbele zaidi, kitunguu hali, saumu hali, viazi na karoti hali, kila kinachong'olewa na mzizi, sababu ukiking'oa umeua mmea wenyewe na vijidudu vilivyokuwa kule chini. Sasa mpikie Mswahili mchuzi bila kitunguu uone atakavyokuangalia. Bi mkubwa anatumia nyanya, tangawizi kavu, bizari na hiliki, na mie siku moja nilidokoa, aibu kusema ila ni tamu kuliko yetu.

Siku na saa ndo mwaka huu vilitukuta vyote kwa mpigo. Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Ramadhani ikaingia hapohapo. Wakatoliki wana siku mbili tu za kufunga kabisa, Majivu na Ijumaa Kuu, mlo mmoja kamili, ila kila Ijumaa ya Kwaresma nyama hapana kuanzia mtoto wa miaka 14, samaki ruksa. Waislamu alfajiri mpaka magharibi hata maji hamna. Afu ikafika 2 Machi Mbahai naye akaanza, siku 19, ila wao wanahesabu toka jua linachomoza sio alfajiri, kwa hiyo dada wa mapokezi alikuwa na kama saa nzima ya kunywa chai wenzake wameshafunga, na alitaniwa sana kwa hilo. Bi mkubwa akageuza ratiba yote, mchana hotpoti chache tu kwa KKKT na wachache waliobaki, tunakula chumba cha nyuma mlango umefungwa, hakuna aliyeagiza, ni adabu tu. Jioni inakuja futari, magimbi, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, na adhana ya magharibi ikilia Mbahai na Muislamu wanashika tende pamoja. Ijumaa anaongeza changu wa kupaka kwa ajili ya Wakatoliki. Halafu eti ana wateja wengine, watawa wa hekalu la Kibudha Upanga, na hao wakishapita saa sita mchana hawali tena mpaka kesho asubuhi, kwa hiyo bodaboda ya kule inatoka mapema kuliko zote.

Sasa lawama. Kwanza mafuta. Bhajia za veji ziliwahi kuja na harufu ya samaki, nikamuuliza kijana wa jikoni "Shekhe, haya mafuta yalikaangia nini?" akacheka tu. Kwa Mhindu wetu hiyo sio kosa dogo, bora ungemkosesha chakula. Bi mkubwa alipiga simu kuomba radhi na sasa wana karai lao pembeni, ila nyota yangu imeshaondoka. Pili saladi ina mayonezi, mayonezi ina mayai, hii wanajisahau kila mara. Tatu jeli ya sherehe, jelatini inatoka kwa ng'ombe au nguruwe na pakiti haisemi, mezani kwetu karibu kila mtu ana sababu yake ya kuikataa, waache kabisa walete matunda. Nne, Ijumaa. Vijana wanaenda swala, sawa kabisa, lakini basi chakula kije saa sita kabla ya adhana, sio saa nane na nusu watu tumbo limeshikana na mgongo.

Kuagiza ni mwisho saa kumi jioni ya siku iliyotangulia, na usimpe majina ya dini, mpe idadi kwa maswali yake yale manne atakuelewa haraka. Na mnaotaka mkataba wa mwakani muwahi, maana Jumatano ya Majivu ni 10 Februari 2027 na Ramadhani inategemewa kuandama siku hizohizo, na alishaniambia ofisi atakazochukua kipindi hicho ni chache, jiko lake dogo.