Twilight Imperium, toleo la 4: baraza la miungano au himaya isiyo na mfalme?

Kati ya makundi 17 yaliyomo kwenye sanduku la mchezo huu wa mezani wa Fantasy Flight Games (2017), moja linaitwa Shirikisho la Sol. Ni binadamu, na makao yao ni sayari Jord. Jina ni la upole, vikosi si vya upole. Sol akitoa kibao 1 cha amri (alama ya kulipia hatua) kwenye fungu lake la mkakati anashusha askari 2 juu ya sayari yoyote aliyokwisha kuitwaa, bila hata meli ya kuwaleta. Meli zake za kubeba zinapakia 6, za wengine 4. Shirikisho gani linahitaji vitu hivyo?

Jibu liko katikati ya ramani. Mecatol Rex, mji mkuu wa himaya ya Lazax iliyoanguka, haishukiwi na jeshi mpaka ulipe ushawishi 6, namba iliyoandikwa kwenye karata za sayari zako (kundi la Winnu peke yake limesamehewa). Ukilipa unapata pointi 1 ya ushindi, na kuanzia hapo kila raundi inafungwa na kikao cha baraza chenye hoja 2. Kuna Spika, kuna kura, kuna sheria zinazobaki mezani hadi mwisho. Moja inakataza mchezaji yeyote kuwa na vibao zaidi ya 4 kwenye fungu la meli, lile linaloweka kikomo cha meli zako. Kwa macho, huo ni muungano kamili.

Sasa hesabu kura. Si mwanachama mmoja kura moja. Kura ni ushawishi wa sayari ulizozishika. Uliyoiteka kwa jirani katika raundi hii inaingia kikaoni karata yake ikiwa wima, yaani tayari kutumika, nawe unaipigia kura dhidi ya huyo huyo jirani. Sayari nyingi zina ushawishi 0 hadi 3, Mecatol pekee ina 6. Kwa hiyo ni himaya, tofauti ni kwamba kiti hakina mtu. Hata neno lenyewe linasaidia: himaya kwa asili ni ulinzi, na Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890 kwa jina hilo hilo la kulindwa.

Kikaoni wageni huumia pale pale kila mara. Karata ya sayari ukiilaza kupiga kura inatoa ushawishi wake wote, huwezi kuigawa, na haiinuki kabla ya hoja ya pili. Anayemwaga zote kwenye hoja ya kwanza anabaki mtazamaji. Spika hupiga mwisho na ndiye anayevunja sare, kwa hiyo karata ya siasa, inayompa mtu uspika na kukuruhusu uchungulie hoja 2 za juu, ina thamani kuliko inavyoonekana.

Mapatano mazito kuliko yote ni karata ya kuunga mkono kiti cha enzi. Ukimpa mwenzako anapata pointi 1. Akithubutu kuweka kibao cha amri kwenye mfumo (kigae cha ramani) wenye vikosi vyako, karata na pointi vinamtoka. Wawili wakibadilishana, mpaka wao umetulia. Sikiliza lakini jina la karata: amani yenyewe inaapiwa kwenye kiti cha mfalme.

Kasoro zipo. Sanduku linasema saa 4 hadi 8. Wachezaji 6 wapya wajipange kwa 8, na meza ya kutosha vigae 37 pamoja na karata za kila mmoja. Kosa la pili la wageni ni meli: unaanza na vibao 3 kwenye fungu la meli, maana yake meli 3 kwa mfumo mmoja, zile ndogo za kivita hazihesabiwi. Ukizidisha, za ziada zinaondolewa.

Mgeni apewe Sol. Kila raundi anapata kibao 1 cha amri zaidi ya wenzake, na hicho kinamfichia makosa mengi.