Enjenia aliyetuchorea tereni ya kartie hapa Goma: nyota 4 juu ya 5

Bandugu, naandika juu batu mingi banaulizaka waite nani kama kartie iko na parsele ya wote, franga kidogo, na batoto banacheza mu barabara katikati ya pikipiki na chukudu, zile trotineti za mbao za kubeba mizigo. Mimi niko kocha wa basketi ya mabinti, nilikuwa mu komite tangu mwanzo, kwa hiyo kazi ya huyu enjenia niliiona yote.

Parsele yetu ni metre 48 kwa 36, yote makoro, yale mawe ya lava yenye volkano Nyiragongo ilimwanga mu 2002, na inateremuka kuelekea ziwa. Franga tulikuwa na dola 12,000, ile tulichangishana miaka mbili. Vijana balitaka tereni ya futbol, basi. Yeye alifika na dekametre, akapima mbele ya kila mutu, kisha akasema wazi tereni kubwa ya futbol ni kama metre 105 kwa 68, hapa hata nusu haiingie. Bengine balikasirika sana, mi nilimupenda pale pale, juu bale tuliita mbele yake balikuwa banasema itawezekana tu na kuomba avansi.

Alichora uwanja moja ya beto, 28 kwa 15 ya basketi, na metre 2 kila upande ya kukimbilia, inafika 32 kwa 19, na mistari ingine juu yake ya vigoli vidogo. Vijana bakasema basi tuilaze na barabara ili iwe ndefu zaidi, akakataa, akabapeleka pale saa kumi na moja ya jioni akabasimamisha kuangalia magharibi, jua yote mu macho. Njo maana urefu unaenda kaskazini-kusini. Hakuna mutu alibishana tena.

Kitu ilinigusa sana ni vile alichunga franga. Kupasua koro ni kompresa, ni masiku, ni dola zinaisha mbele hujaona kitu. Kwa hiyo upande wa juu hakusawazisha, aliacha muteremko akachora ngazi za kukaliya, na mawe yenye ilitoka chini ya uwanja njo ilijenga zile ngazi, tulilipa mikono na simenti tu. Beto nayo ameilaza kidogo, santimetre 1 kwa kila metre, maji inakimbilia shimo ya mawe kwa pembeni na inapotea mu nyufa za lava. Mvua kubwa ilipiga juzi, kisha nusu saa mabinti bangu balikuwa banadribla.

Kona ya chini kuko kishimo, komite ilitaka kuweka bembea pale. Aliuliza kwanza majirani kama kuku ao imbwa ilishakufaka pale bila sababu, juu ya mazuku, ile hewa ya volkano yenye kuua, inakuwaka nzito na inalala mahali pa chini, zaidi usiku na asubuhi yenye upepo hakuna. Balisema hapana, lakini bembea aliipandisha juu vile vile na akatuambia tuite batu ba OVG, bale banachunga volkano hapa Goma, bapime. Mi mama wa batoto batatu, hiyo siisahau.

Sasa ile nyota moja. Choo aliisahau kabisa! Plani ya kwanza haikukuwa na choo wala mahali mabinti banaweza kubadilisha nguo, na tulipomwambia akaomba dola 150 ya kuchora upya, tukalipa na roho inauma. Tena alichelewa wiki tatu. Taa hatuna, franga iliisha, lakini aliacha mabomba chini ya beto ya kupitisha nyaya, siku tutapata hatutavunja kitu.

Ukimuita, mwambie choo ya mabinti siku ya kwanza, na iandikwe mu devi, ile karatasi ya kazi na bei, mbele ya kusaini.